Nakala za Kaboni kutoka Pune

Siku ya harambee ya kumchangia Mwirigi, dada yake Gacheri alikuwa jikoni akimenya waru, yaani viazi. Kupitia nyufa za mbao aliona watu wamejaa kwenye boma lao, wengine wamekalia viti vya kanisa, wengine magogo, na Muthamia mwenye stoo amesimama juu ya meza akiwa ameinua jogoo mwekundu.

"Huyu si jogoo wa mchuzi!" Muthamia alipiga kelele. "Huyu ni ndege ya kwenda India! Nani anapanda?"

Watu wakacheka, wakanunua jogoo yule, wakamrudisha, akanunuliwa tena. Hivyo ndivyo mambo yalivyofanywa hapa kwetu Kiirua mwaka huo wa 1983. Nafasi za chuo kikuu nchini zilikuwa chache sana, na kijana aliyezikosa kidogo alikuwa na njia moja iliyobaki kama wazazi wake wangeweza: kupelekwa India. Mzee Riungu, baba yake Mwirigi, alikuwa ameshauza kipande cha chini cha shamba lake, kile kilichoshuka hadi mtoni. Harambee ilikuwa ya kujaza pengo.

Jambo ambalo hakuna mtu alilisema pale uwanjani ni kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto wawili waliomaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Mwirigi alikuwa mkubwa, ila ugonjwa wa mapafu ulimrudisha darasa moja nyuma, wakajikuta wanafanya mtihani pamoja, kila mtu kwenye shule yake. Wote wawili walikosa chuo. Lakini Gacheri alikosa kwa karibu zaidi. Matokeo yake yalimpita kaka yake, na kila mtu nyumbani alijua.

Mama yao, Marcella, ndiye peke yake aliyelitaja. Ilikuwa mezani, kabla shamba halijauzwa.

"Baba Mwirigi, na huyu mwenye alipita zaidi?"

Riungu hakuwa mtu mkali. Alijibu kama mtu anayeeleza mambo ya mvua. "Shamba linatosha mmoja. Gacheri ataolewa. Digrii yake itakula ugali kwa nyumba ya mtu mwingine."

Gacheri hakulia. Aliniambia baadaye, mimi rafiki yake, kwamba alihisi tu masikio yamejaa joto, na kwamba alimaliza chakula chake chote kwa sababu hakutaka mtu aone amesukuma sahani. Hakumchukia Mwirigi. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekubeba mgongoni ukivuka mto, tena mtu ambaye mwenyewe hakuweza kukutazama usoni tangu siku ile. Alichotaka ni njia.

Aliipata kwa Muthamia. Likizoni alikuwa akimsaidia pale stoo, mahali waru zilinunuliwa kutoka kwa wakulima na mbolea kuuzwa, na kazi yake ilikuwa kuandika risiti. Unaweka karatasi ya kaboni katikati, unaandika mara moja, zinatoka mbili. Siku moja akaishika ile kaboni akaitazama kwenye mwanga wa mlango, ya zambarau, imechorwa majina ya watu, na wazo likamjia zima zima.

Jioni ya harambee, wageni walipokwisha kwenda, alimwita Mwirigi nyuma ya zizi. Akampa boksi zito lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Ni nini?"

"Kaboni. Mwalimu akiongea huko, wewe utaandika, si ndiyo?"

"Nitaandika."

"Basi weka hii katikati. Karatasi ya juu ni yako. Ya chini ni yangu. Zikijaa, unanitumia. Na kitabu ukishamaliza mwaka wako, usikiuze. Nitumie."

Mwirigi alisimama akilipima boksi lile mkononi. "Na nikisahau siku moja?"

"Ukisahau siku moja, mimi siku hiyo nimekosa shule."

Akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mezani. "Basi hutakosa shule," akasema.

Bunda la kwanza lilichukua miezi njiani, kwa meli hadi Mombasa, kisha likalala posta. Lilipofika parokiani, ambako watu wengi wa Kiirua walipokea barua zao, karatasi za ndani zilikuwa zimelowa pembeni na wino wa zambarau umesambaa. Mwirigi alikuwa akisomea biashara katika mji wa Pune. Uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya makampuni: vyote vilikuwa mle, kwa mwandiko wake wa kuinama, na pale alipochoka mkono kaboni haikushika, kukawa na nusu ya sentensi ambayo ilibidi Gacheri aikisie.

Kulikuwa na mtihani wa wahasibu ambao mtu yeyote mwenye cheti kizuri cha sekondari angeweza kuufanya. Bodi ya mitihani haikuuliza umesomea wapi. Ulijiandikisha, ukasafiri Nairobi mwezi wa Juni au Desemba, ukakaa kwenye ukumbi pamoja na watu wa ofisi na watu wa vyuo, na karatasi ikaamua. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu, na ukizipita zote unaitwa mhasibu wa umma aliyethibitishwa. Eneo letu zima la Buuri hatukuwa na mtu kama huyo. Gacheri akaamua atakuwa yeye.

Muthamia alikuwa amemwajiri sasa kwa kudumu. Asubuhi ilikuwa ya waru: kupima, kuandika, kugombana na madereva wa lori. Mchana, mvua ikishika na wateja wakipotea, Gacheri alipanda juu ya magunia ya mbolea karibu na dirisha, akafungua zile karatasi. Zilimtesa. Uhasibu haukuwa kama historia, ambayo unaweza kusoma ukafika mwisho hata kama hujaelewa katikati. Ukurasa mmoja juu ya uchakavu wa mali, yaani namna thamani ya mashine inavyopungua kila mwaka, ulimkalisha tangu kupanda hadi palizi. Alikuwa anausoma, anaufunga, anajaribu kuandika mwenyewe, hesabu zinakataa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Kumuuliza Mwirigi kulimaanisha jibu baada ya wiki nyingi.

Vijana wa sokoni wakapata jina. "Chuo Kikuu cha Magunia," waliita ile stoo. Walikuwa wakipita wanasalimia, "Profesa, muga!" na Gacheri anawajibu muga bila kuinua macho.

Juni ya 1984, mwaka ule wa ukame, alienda Nairobi akafanya sehemu ya kwanza. Alirudi akiwa na furaha. Maswali aliyajua. Sheria hasa aliiandika bila kusita, kifungu kwa kifungu, na namba zake.

Matokeo yalisema amefaulu kwingine kote na kuanguka sheria, tena ameanguka vibaya sana. Ingebidi arudie sehemu nzima.

Nilimwona wiki ile. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na mlango ambao alijua uko wazi. Angeanguka hesabu, angeelewa. Lakini sheria?

Mzee Riungu alimwita akamwambia kwa upole, na upole huo ulimuumiza zaidi. "Umejaribu, mwanangu. Hakuna mtu anaweza kujifundisha kazi ya ofisi kwa stoo ya waru. Imetosha."

Alipotoka, Marcella alikuwa nje akichambua mbegu za waru, zilizooza huku, zenye macho mazuri kule. Hakwenda shule hata siku moja, mama huyu, lakini hakupenda jambo liachwe nusu.

"Enda uulize mahali ulikosea," akasema.

"Nimuulize nani, Mama? Hakuna mtu."

"Si umesema ni sheria? Sheria ni ya serikali. Na serikali iko Embu."

Embu ndiyo ilikuwa makao ya mkoa wetu, kwa hiyo kwa Marcella jambo lilikuwa limekwisha. Gacheri alicheka, lakini usiku ule hakuona jibu lingine. Alikuwa na shangazi aliyeolewa Kanja, si mbali na mji wa Embu. Akaomba ruhusa kwa Muthamia, akafunga karatasi zake za zambarau ndani ya leso, akasafiri.

Kwa serikali hakujua aanzie mlango gani. Mtu mmoja alimwelekeza maktaba ya umma. Nyuma ya meza alikaa kijana mwembamba, amevaa sweta ya kijani, jina lake Gitari. Gacheri hakujitambulisha hata. Alifungua leso mezani, akaweka karatasi, akasema, "Nataka kujua mahali nilikosea."

Gitari alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akauma mdomo, na Gacheri akajua anazuia kicheko.

"Dada, hii maneno umeshika vizuri sana?"

"Yote. Kwa kichwa."

"Basi ungepita." Akageuza karatasi ili naye aone, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, pale ambapo kaboni ilikuwa imefifia. "Lakini ungefanyia mtihani Bombay. Hii ni Sheria ya Makampuni ya India. Ya kwetu ni ingine."

Gacheri aliutazama mstari ule. Miezi yote ile. Kifungu kwa kifungu, juu ya magunia. Alifungua mdomo, na badala ya kilio kikatoka kicheko, kikubwa, cha tumbo, kwenye chumba kilichoandikwa KIMYA ukutani. Wasomaji wakageuka. Gitari naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Gacheri akalazimika kushika meza, na ndani ya kicheko hicho, alisema, kulikuwa na kitu kama mzigo unaoshuka. Hakuwa mjinga, ila alikuwa amesoma nchi nyingine.

Gitari alimletea sheria ya Kenya. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo Gacheri alibaki Kanja kwa shangazi yake, akawa wa kwanza maktabani kila mlango ulipofunguliwa. Aliisoma ile sheria akiwa ameweka ya India kando yake, akagundua jambo ambalo darasani huenda asingeligundua: mahali zinapofanana ni kwa sababu zilichukuliwa kwa Mwingereza yuleyule, na mahali zinapotofautiana unaweza kuuliza kwa nini. Kwa mara ya kwanza sheria ilionekana kwake kama kitu kilichotengenezwa na watu. Alimweleza Gitari. Gitari akambishia. Alirudi kesho yake na jibu, akabishiwa tena. Kabla hajarudi Kiirua, wote wawili walijua kwamba si sheria peke yake waliyokuwa wakingojea kila asubuhi.

Aliporudi nyumbani alibadilisha namna ya kusoma. Alikuwa ameonja utamu wa kubishiwa na hakutaka kuupoteza, lakini Gitari alikuwa mbali. Akamchukua mama yake. Wakiwa shambani wanapanda, Gacheri alimweleza Marcella kila alichosoma, kwa Kimeru, na Kimeru hakikuwa na maneno mengi kati ya hayo, kwa hiyo ilibidi aelewe mwenyewe kwanza ndipo atafute namna ya kulisema.

"Uchakavu, Mama, ni hivi. Ukinunua ng'ombe, mwaka wa kwanza ana bei yake. Mwaka wa pili bei imepungua."

"Kwa nini ipungue? Mwaka wa pili amezaa, maziwa yameongezeka."

"Basi tuseme jembe."

"Jembe sawa. Linaisha." Marcella akafukia mbegu kwa kisigino. "Lakini wewe ulisema ng'ombe. Kitabu chako kinasema nini kuhusu ng'ombe?"

Kitabu chake hakikusema kitu. Gacheri alilazimika kutafuta, na alipotafuta akakuta kuna kanuni nzima ya mifugo kwenye hesabu za shamba, ambayo hakuwa ameifikia. Ilikuja Desemba hiyo kwenye mtihani. Sehemu ya kwanza alipita yote, na sheria ndiyo iliyokuwa juu kabisa.

Mwaka uliofuata barua moja ilikuja kutoka Pune bila bunda. Mwirigi alikuwa ameanguka somo la kukokotoa gharama mara mbili. Akianguka tena angefukuzwa. Aliandika kwamba darasa lake lina watu wengi, mwalimu anasomea kwenye karatasi zake za zamani na kuondoka, na kwamba anafikiria kutafuta kazi melini badala ya kurudi Kiirua kukutana na uso wa kila mtu aliyenunua jogoo yule. "Usimwambie Baba," alimalizia.

Gacheri hakumwambia Baba. Alikaa juu ya gunia akamwandikia kaka yake barua ndefu kuliko zote alizopata kuandika. Hakumpa moyo kwa maneno matamu. Alimwandikia kuhusu gunia la waru. Linatoka shambani kwa Riungu. Hesabu mbegu, mbolea, palizi. Sasa liko stoo: hesabu gunia lenyewe, mtu wa kulibeba, na zile waru zitakazooza kabla lori halijaja. Nani analipia zile zilizooza, Mwirigi? Ziko kwenye bei ya zile nzima. Hiyo ndiyo sura ya tano yote. Sasa lori limekwama tope la Timau... Aliendelea hadi Nairobi, hadi sokoni, hadi kwenye sufuria ya mama mmoja wa Eastleigh, na kila hatua akaiandikia jina lake la kitabu pembeni.

Tangu hapo barua zilianza kwenda njia zote mbili. Alichotuma Mwirigi kwa kaboni kilirudi kwake kimefafanuliwa, na alichokosa Gacheri, kama takwimu, ambazo hata leo anasema asingeziweza bila mtu aliyekaa mbele ya mwalimu anayezijua, Mwirigi alikipeleka hatua kwa hatua. Alipita lile somo. Alimaliza chuo.

Alirudi mwaka 1987 na shahada yake, amenenepa kidogo, amevaa viatu vyenye kisigino. Boma likajaa tena. Mtu mmoja akasimama akasema tumshukuru Mungu kwa sababu shamba la Riungu halikupotea bure, na Mwirigi akaomba kusema neno. Alisema kwa Kimeru ili wazee wote wasikie.

"Hii karatasi imeandikwa jina langu. Lakini somo lililokuwa litanishinda nilifundishwa na Gacheri, akiwa hapa, kwa barua. Mnaponipongeza mimi nusu, mpongezeni yeye nusu."

Vijana waliobuni jina la Chuo Kikuu cha Magunia walikuwa wamesimama nyuma. Wakageuka kumtafuta Gacheri kwa macho.

Wiki hizo Mwirigi akingojea kazi, ambayo aliipata katika benki mjini Meru, na kwa kazi hiyo shahada ndiyo iliyofungua mlango, jioni mezani kulikuwa na vita. Gacheri na Mwirigi walibishana kuhusu kodi, walibishana kuhusu faida, mmoja anachora juu ya meza kwa kidole kilicholowa chai, mwingine anafuta. Riungu alikuwa akiwatazama, uso unakwenda huku na huku.

"Hawa wanaongea nini?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Wanaongea shamba lako la chini," Marcella akajibu, akaendelea kula.

Kuanzia siku ile, Gacheri akiwa anasoma, hakuna mtu aliyeruhusiwa kumtuma maji wala kuni. Mzee alibeba kuni mwenyewe, na majirani wakaona.

Sehemu ya pili Gacheri alikuwa ameshaipita. Sehemu ya tatu ilimwangusha mara moja, kwenye ukaguzi wa hesabu, na safari hii hakwenda kuuliza serikali. Alijua mahali alipokosea kabla hajatoka ukumbini. Akarudia.

Matokeo ya mwisho yalikuja Agosti ya 1988, siku ya soko. Mtu alileta bahasha kutoka parokiani, na kwa sababu mikono ya Gacheri ilikuwa na vumbi la mbolea, Muthamia ndiye aliyeifungua. Alisoma akisogeza midomo. Akasoma tena. Kisha yule mzee, ambaye hata siku ya kumzika kaka yake alifungua stoo baada ya mazishi, akachomoa kufuli, akawatoa wateja wote nje, akafunga mlango.

"Leo hakuna kuuza waru!" alipiga kelele kwa ile sauti yake ya mnada, na soko zima likageuka. "Leo kuna mhasibu! Mhasibu wa umma, ametoka hapa ndani, kwa hii stoo yangu!"

Nilikuwa pale nikiuza vitunguu. Nakumbuka wanawake wakiacha bidhaa zao chini na vigelegele vikapanda, mmoja akaanza wimbo wa kupokea bibi harusi kwa sababu hakuujua wimbo wa kupokea mhasibu, sote tukaufuata. Wale vijana walimbeba Gacheri juu. "Profesa! Profesa!" waliimba, na safari hii hakuna aliyecheka.

Riungu alikuja kutoka shambani akiwa na udongo hadi magotini, amesikia kelele akadhani kuna mtu amegongwa na gari. Walimweleza. Akasogea hadi aliposhushwa binti yake. Kwetu si kawaida baba kumshika mkono binti aliyekomaa mbele ya watu. Riungu alimshika mkono. Akatembea naye soko lote, kutoka kwa wauza mbuzi hadi barabara ya Nanyuki, akisimama kwa kila mtu, hata kwa wageni wasiomjua, na kwa kila mmoja akasema neno lile lile: "Huyu ni Gacheri wangu."

Mbele kidogo ya barabara alisimama, akamwambia bila kumtazama, "Nilifikiri vibaya."

"Ndiyo, Baba," Gacheri akasema. "Twende nyumbani, tumwambie Mama."

Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa upande wa Kanja kilikuwa kinatafuta mhasibu. Tangazo lilitaka shahada, au sifa ya kitaaluma inayolingana nayo. Gacheri alishikilia ile "au" kama mtu anayeshika mlango usifungwe, akaomba. Mwenyekiti wa kamati, mkulima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipekua vyeti vyake.

"Ulisomea chuo gani?"

"Kiirua."

"Kiirua kuna chuo?"

"Kulikuwa na mwanafunzi," Gacheri akasema.

Mwenyekiti akacheka, wanakamati wakacheka, na wakaanza kumuuliza maswali ya kweli. Alianza kazi mwanzo wa mwezi uliofuata. Ndani ya misimu michache wakulima wa chama kile walikuwa wakilipwa kabla ya wenzao wa jirani, na kila mkutano mkuu alisimama akawasomea hesabu zao kwa Kiembu alichojifunza, kwa lugha ya jembe na ng'ombe, mpaka bibi wa nyuma kabisa aweze kuuliza swali. Aliolewa na Gitari wa maktaba. Harusi ilifanyika Kiirua, na Muthamia ndiye aliyepiga mnada wa keki.

Leo watu wanamjia na swali moja. Mwaka juzi alikuja mkulima anayeitwa Njue, amekunja kofia mkononi. Mtoto wake ameitwa chuo kikuu kwa njia ya kujilipia. Auze shamba?

"Anataka kuwa nani?" Gacheri aliuliza.

"Daktari."

"Basi tafuta namna umpeleke, hata kwa kuuza. Mimi sitaki kupasuliwa tumbo na mtu aliyesomea juu ya gunia."

Njue akacheka, akafarijika. Lakini wiki hiyo hiyo mama mwingine alikuja na swali lile lile, binti yake anataka biashara na hajui biashara gani, anataka tu kwenda kwa sababu wenzake wameenda. Huyo Gacheri alimwambia ashike shamba lake, amlete binti kwake.

Maana Gacheri hasemi kwamba shahada ni upuuzi. Ananiambia mimi, tukiwa wawili, kwamba alilipa bei ambayo watu hawaioni. Miezi mingi ya sheria ya India. Miaka ya kutojua kama wazo lake ni zuri au ni upumbavu, kwa sababu hakuna aliyekaa kando yake. "Nilikosa watu wa kubishana nao, Kiende," anasema. "Vitabu vinapatikana. Watu ndio kazi."

Ndiyo maana aliomba chama kimpe ghala moja la zamani, akaweka meza na mabenchi. Kila Jumamosi wanaojisomea wenyewe hukutana hapo: makarani, walimu wa shule za msingi, wachuma kahawa waliomaliza sekondari wakakwama. Wanakuja kutoka Kanja, wengine kutoka mbali kama Ishiara. Hakuna anayefundishwa. Kila mtu anasimama anaeleza alichosoma wiki hiyo, na wengine wanamshambulia kwa maswali hadi aokoke au akae chini. Gitari huketi kwenye kona, na kwa maswali yeye ndiye mbaya kuliko wote.

Mwanamke mmoja wa kundi hilo, Rwamba, mama wa watoto wanne, alichuma kahawa za watu mchana na kusoma usiku watoto wakishalala. Alianguka mtihani wa wahasibu, akaanguka tena, Jumamosi akarudi. Msimu uliopita, foleni ya kahawa ikiwa imefika nje ya lango la kiwanda, Gacheri alikuwa ofisini na wakaguzi wa hesabu. Akasikia vigelegele kule chini kwenye matangi ya kuoshea. Aliinuka bila kuaga. Aliteremka ngazi, akavua viatu vya ofisi akaviacha hapo, akapita katikati ya matope na maganda ya kahawa, na Rwamba akamjia mbio akiwa ameinua simu yake juu, matokeo yako ndani, amefaulu, anapiga kelele, na mstari mzima wa wakulima na magunia yao ukawafungulia njia.